Potasiamu iliyokuja kwa pupa: kisa cha shamba moja la nyanya

## Shamba lenyewe

Shamba lilikuwa la nusu hekta, nyanya za kupandishwa kwenye kamba, zikimwagiliwa kwa matone. Udongo wake ni wa kichanga. Ukiubana kiganjani ukiwa na unyevu unashikana, lakini ukiugusa kwa kidole unamomonyoka. Mwenye shamba ni mama aliyelima mahindi kwa miaka mingi, na huu ulikuwa msimu wake wa pili wa nyanya. Jina, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha nimeviondoa, na namba za maabara nimeziweka kwa makadirio ya karibu.

Kuna jambo moja la historia ambalo nalitaja hapa mwanzoni, ingawa mimi mwenyewe nililijua nikiwa nimechelewa. Ardhi ile ilikuwa imelimwa mahindi misimu mingi mfululizo, na kila baada ya mavuno mabua yote yalibebwa kulishwa ng'ombe. Samadi ya ng'ombe hao haikurudi shambani. Iliishia kwenye bustani ya mboga karibu na nyumba. Mbolea pekee iliyoingia shambani ilikuwa urea. Kwenye mahindi, naitrojeni na fosforasi nyingi huenda kwenye punje, lakini potasiamu sehemu yake kubwa hubaki kwenye bua na majani. Anayevuna punje na kuacha mabua anaondoa potasiamu kidogo. Anayebeba vyote viwili anaihamisha shehena nzima, na urea hairudishi hata punje moja ya potasiamu.

## Dalili za kwanza, na dawa isiyo ya ugonjwa huo

Miche ilishika vizuri ikakua haraka, yenye rangi ya kijani iliyoiva. Wiki ya sita baada ya kuhamishiwa shambani, vichala vya kwanza vikiwa vimeshaweka matunda, majani ya chini yakaanza kuwa ya njano pembezoni. Baada ya siku chache kingo zikageuka kahawia na kukauka kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

Mwenye shamba alidhani ni bakajani, ugonjwa wa ukungu unaokausha majani, na dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi: majani ya chini, rangi ya kahawia, hali inayopanda taratibu kwenda juu. Akapiga dawa ya ukungu mara tatu kwa nafasi ya siku saba. Hali ikazidi kupanda. Nilipoitwa, mimea ilikuwa na wiki ya nane.

"Mtaalamu, dawa nimepiga mpaka nimechoka," aliniambia. "Huu ugonjwa hausikii."

## Nilichokiona

Nilianza kwa kutembea shamba zima bila kung'oa wala kukata kitu. Ugonjwa wa ukungu mara nyingi huanza mahali fulani kisha ukasambaa. Unakuta mmea umeoza na jirani yake mzima, unakuta kona yenye unyevu imeshambuliwa zaidi. Hapa hali ilikuwa karibu sawa kila mstari, na ilikuwa mbaya zaidi upande wa juu ambako mchanga ni mwingi.

Kisha nikainama kwenye majani. Bakajani tangulia huacha madoa yenye duara ndani ya duara, kama shabaha. Bakajani chelewa, ukigeuza jani asubuhi kukiwa na unyevu, mara nyingi huonyesha utando mweupe upande wa chini. Sikuona duara wala utando. Niliona kuungua kunakofuata ukingo wa jani kwa uaminifu, kukiacha katikati na penye mishipa kuwa kijani. Majani machanga ya juu yalikuwa safi kabisa. Matunda machache yaliyoanza kuiva yalikuwa na mabega ya njano yaliyogoma kuwa mekundu.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote aliutoa mwenye shamba, tena bila kujua kwamba anautoa. Tulipofika karibu na katikati, tukakuta duara la mimea, upana wake hatua kama sita, yenye majani mazima mpaka chini. "Hapa tulichoma magugu wakati wa kusafisha shamba," alisema, kana kwamba ananiomba radhi kwa uchafu. Majivu ya mimea yana potasiamu. Kwa karne nyingi watu waliipata kwa kuchuja maji kwenye majivu na kuyachemsha, na Humphry Davy alipoitenga kama elementi mwaka 1807 alianza na kemikali ya asili hiyohiyo. Majivu yana pia kalsiamu na magnesiamu, na yanapunguza uchachu wa udongo, kwa hiyo duara lile peke yake halikuthibitisha kwamba kilichokosekana ni potasiamu tu. Nilipaswa kulitafakari hilo palepale. Sikulitafakari.

## Kwa nini ukingo, na kwa nini majani ya chini

Potasiamu ni madini ya ajabu kidogo, kwa sababu mmea unaihitaji kwa wingi lakini haujengi nayo chochote. Naitrojeni inakuwa protini, kalsiamu inafunga kuta za seli, na magnesiamu inakaa katikati ya kila molekuli ya klorofili. Potasiamu inabaki ayoni huru, yaani chembe yenye chaji ya umeme, imeyeyuka ndani ya maji ya mmea, ikizunguka na kufanya kazi.

Na kazi zake ni nyingi. Inawezesha vimeng'enya zaidi ya 60. Inafungua na kufunga stomata, vile vitundu vya jani vinavyoingiza hewa na kutoa mvuke: potasiamu ikiingia kwenye seli mbili zinazolinda kitundu, maji yanaifuata, seli zinavimba na kitundu kinafunguka, ikitoka, kinafungwa. Mmea wenye njaa ya potasiamu unashindwa kuidhibiti milango hiyo, ndiyo maana unanyauka mchana hata udongo ukiwa na maji. Tena ndiyo inayosaidia sukari iliyotengenezwa kwenye jani kupakiwa ndani ya floemu, mirija inayosafirisha sukari, na kusafiri kwenda kwenye tunda. Ikipungua, sukari inakwama kwenye jani, tunda linakosa utamu na rangi, na utomvu wa jani unajaa sukari na asidi amino ambazo wadudu na vimelea vya ukungu wanazipenda. Kwa hiyo sishangai kwamba kwenye baadhi ya majani yale nilikuta pia madoa machache ya ukungu wa kweli. Walikuwa wageni waliokuta mlango wazi.

Kwa kuwa iko huru, mmea unaweza kuihamisha. Ukikosa potasiamu, unaichukua kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi na matunda. Jani la zamani linatozwa hadi linaungua, likianzia kwenye ukingo. Ndiyo maana mahali dalili inapoanzia ni swali la kwanza kuuliza, kabla ya rangi. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu huhamishika, hivyo upungufu wake huonekana chini. Kalsiamu, boroni na chuma haviondoki kirahisi pale vilipokaa, hivyo upungufu wake huonekana juu kwenye majani machanga au kwenye matunda.

Mzigo wa matunda nao ulikuwa umeongeza njaa. Nyanya inapoanza kuweka vichala, tunda ndilo mlaji mkubwa wa potasiamu. Na urea ilikuwa imesukuma mmea ukue upesi, ukagawana potasiamu kidogo kwenye mwili mkubwa.

## Uamuzi wa kwanza

Tulichukua sampuli za udongo kutoka sehemu kumi na tano za shamba tukazichanganya, na sampuli ya majani yaliyokomaa karibuni. Maabara ilihitaji wiki tatu. Hapo ndipo penye uamuzi ambao nimeurudia kichwani mara nyingi: tusubiri au tuanze?

Niliamua tuanze. Dalili zilikuwa wazi, matunda yalikuwa yanajazwa wakati huohuo, na wiki tatu kwenye nyanya ni vichala viwili au vitatu. Nilichagua potasiamu salfeti badala ya potasiamu kloridi, kwa kuwa udongo wa kichanga wenye matone hukusanya chumvi karibu na mizizi na sikutaka kuongeza kloridi pale.

Kipimo nilikipata hivi. Tani moja ya nyanya hubeba takriban kilo 3 za potasiamu. Tulitarajia tani 15, yaani kilo 45. Lebo za mbolea hazitaji potasiamu tupu, zinataja oksidi yake, K2O, na kubadilisha unazidisha kwa 1.2: tukapata kilo 54. Potasiamu salfeti ina asilimia 50 ya K2O, kwa hiyo kilo 108. Nikaongeza mahitaji ya majani na mashina, nikafika kilo 150. Hesabu hiyo bado naitetea. Kilichoharibu ni ratiba. Mazao yalikuwa na wiki kumi mbele yake, nami nikapanga kilo zote 150 ziingie kwa wiki tatu, kwa sababu nilitaka kuona mabadiliko upesi.

Mistari miwili tuliiacha bila potasiamu. Mwenye shamba hakupenda. "Hiyo si ni kuinyima makusudi?" aliuliza. Nikamweleza kwamba bila hiyo mistari hatutajua kama ni potasiamu iliyoponya au ni mvua na muda. Akakubali, ila mistari ya pembeni, si ya katikati.

## Wiki ya tatu ya tiba

Majani yaliyoungua hayakupona, na hayawezi kupona. Seli iliyokufa haifufuki kwa mbolea. Lakini kuungua kulisimama. Majani mapya yaliyofikia ukomavu yalikuwa na kingo nzima, mimea ikaacha kulegea mchana, na ile mistari miwili ikaendelea kuungua mpaka kichala cha tatu. Kwa siku chache niliamini kisa kimekwisha.

Kisha akanipigia simu. Majani ya chini na ya katikati yalikuwa yamegeuka njano upya, ila safari hii kwa namna nyingine: njano ilikuwa katikati ya mishipa, na mishipa yenyewe imebaki kijani kama mchoro. Na matunda ya kichala cha tatu na cha nne yalikuwa na doa jeusi lililodidimia chini, pale ua lilipokuwa. Kuoza kitako.

Nilipofika hakunisalimia kwa maneno mengi. Alinionyesha ndoo ya matunda yaliyooza akauliza, "Mtaalamu, hii mbolea yako imeleta ugonjwa mwingine?"

Nikamjibu, "Mama, ugonjwa haikuleta. Lakini ndiyo, mimi nimechangia."

## Majibu ya maabara

Yalifika siku mbili baadaye. Udongo: pH (kipimo cha uchachu) 5.6, uwezo mdogo wa kushika madini, potasiamu chini sana, magnesiamu nayo chini, kalsiamu ya wastani. Jani lililochukuliwa kabla ya tiba: potasiamu asilimia 1.3 ya uzito mkavu, wakati nyanya inayoanza kuzaa inahitaji kama 2.5 au zaidi, magnesiamu 0.28, yaani pembezoni mwa utoshelevu. Tukapeleka sampuli ya pili. Potasiamu ilikuwa imepanda hadi 3.4. Magnesiamu ilikuwa imeshuka hadi 0.17. Kalsiamu kwenye jani ilikuwa 1.6, kiwango kizuri tu.

Namba hizo tatu za mwisho ndizo kisa chenyewe. Mzizi hupokea potasiamu, magnesiamu na kalsiamu zote zikiwa ayoni zenye chaji chanya, na hizo hushindana. Potasiamu ina wepesi wa kuingia kuliko wenzake. Ikijaa kwenye maji ya udongo, inapita kwanza na wengine wanabaki nje. Magnesiamu ilikuwa kidogo tangu mwanzo, lakini mmea ulikuwa unajikimu. Nilipoisukuma potasiamu kwa pupa, ndani ya ukanda mwembamba unaolowa chini ya kila tone, mizani ikaanguka.

Na kalsiamu? Jani lina ya kutosha, tunda limeoza kitako. Si mgongano. Kalsiamu husafiri kwenye zailemu, mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, pamoja na maji yanayovutwa na mvuke unaotoka kwenye majani, na ikishafika jani hairudi. Jani hutoa mvuke mwingi, kwa hiyo linapata kalsiamu nyingi. Tunda la nyanya lina ngozi iliyojifunga, halitoi mvuke wa maana, linapata mabaki. Chochote kinachokatiza maji au kupunguza kalsiamu inayoingia kwenye mzizi, tunda changa ndilo linaloumia kwanza.

Nikauliza kuhusu maji. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la pili. Nilipomwambia, "Mbolea ipite kwenye matone kila siku ya tatu," yeye alielewa kwamba maji nayo yapite kila siku ya tatu, mengi kwa pamoja. Siku mbili katikati udongo wa kichanga ulikauka, kisha ukafurika. Hakuna aliyekosea kusikia. Sikuwa nimesema.

## Marekebisho

Potasiamu ilisimama kwa siku kumi. Maji yakarudi kila siku, kidogo kidogo asubuhi na alasiri, na nyasi kavu zikatandazwa chini ya mimea ili udongo usipoteze unyevu.

Magnesiamu salfeti tuliipulizia kwenye majani, gramu 10 kwa lita moja ya maji, jioni, mara tatu kwa nafasi ya wiki, na kiasi kingine kikapita kwenye matone. Kunyunyizia majani kulifaa hapa kwa sababu magnesiamu inaingia kwenye jani na kuhamishika. Kalsiamu sikuipulizia. Watu wengi hufanya hivyo wakiona kitako kimeoza, lakini kalsiamu iliyotua kwenye jani haiendi kwenye tunda. Tulitumia kalsiamu naitreti kupitia mizizi, kwa siku tofauti na salfeti, maana kalsiamu na salfeti nzito zikikutana kwenye tangi moja hufanya jasi, na jasi huziba matone. Urea tuliiondoa kabisa, kwa kuwa inapovunjika hutoa amonia, na ayoni zake nazo hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi.

Matunda yaliyooza yalichumwa yote. Mwenye shamba alitaka pia kumwaga majivu shamba zima kwa kuwa duara lile lilimvutia. Nilimwomba asubiri. Majivu ni mbolea halali, lakini hupandisha pH haraka na kwa kipimo kisichojulikana, na yakikutana na samadi mbichi au urea, naitrojeni inapaa hewani kama amonia.

Potasiamu iliporudi, ilikuja kwa vipande: kilo chache kila wiki, pamoja na magnesiamu, mpaka wiki mbili kabla ya mavuno ya mwisho.

## Matokeo

Theluthi moja hivi ya matunda ya kichala cha tatu na cha nne ilipotea. Kuanzia kichala cha tano kwenda juu vitako vilikuwa safi, mabega yakaiva sawasawa. Mavuno yote yalifika tani 10 badala ya 15. Majani yaliyokuwa njano katikati ya mishipa yalirudi kijani kwa sehemu, yale ambayo hayakuwa yamezeeka.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kusoma mahali kabla ya kusoma rangi. Majani ya chini, ukingo, shamba zima kwa usawa: vitu hivyo vitatu vilitosha kuondoa ukungu kwenye orodha kabla ya kipimo chochote. Duara la majivu liliongeza uzito, na mistari miwili ya pembeni ikafunga mjadala. Bila mistari ile, kuoza kitako kulipotokea mwenye shamba angekuwa na haki ya kudhani potasiamu haikuwa na faida yoyote, na mimi nisingekuwa na cha kumjibu.

Wenzangu wawili niliowaeleza kisa hiki walisema kosa lilikuwa kuanza kabla ya maabara kujibu. Siafiki. Kusubiri kungeua kichala cha kwanza na cha pili kwa hakika, ili kuokoa cha tatu na cha nne kwa uwezekano. Kosa lilikuwa kuanza na kipimo kizima. Anayeanza bila majibu aanze na robo, aongeze akiona. Kilo 40 katika wiki zile tatu zingetosha kusimamisha kuungua, na magnesiamu isingesukumwa ukutani.

Kosa zito zaidi ni la siku ya kwanza: sikuuliza shamba limetoka wapi. Swali moja tu, "Mabua ya mahindi huwa yanaenda wapi?", lingenieleza kwamba si potasiamu pekee iliyobebwa. Mabua hubeba magnesiamu na kalsiamu pia. Udongo uliochotwa miaka mingi kwa mlango huo hauna upungufu wa kitu kimoja, na kuujaza kitu kimoja ni kufichua kinachofuata. Hata duara la majivu lilikuwa linaniambia hivyo. Mimea ile haikuoza kitako wala haikugeuka njano katikati ya mishipa, ingawa ilipata potasiamu ileile niliyotoa kwingine kote.

Lugha nayo ilichangia. Mbolea kwenye matone ni mambo mawili yanayopita kwenye bomba moja, na mshauri anayetaja ratiba ya moja bila kutaja ya lingine ameacha nusu ya maelekezo. Sasa naandika siku za maji na siku za mbolea kwenye karatasi, safu mbili, kisha namwomba mwenye shamba anisomee.

Msimu uliofuata, miezi miwili kabla ya kupanda, alitia chokaa ya dolomaiti, ambayo ina kalsiamu na magnesiamu. Mabua sasa hulishwa nusu, nusu hubaki, na samadi iliyooza hurudi shambani. Potasiamu inagawanywa kwa wiki kuanzia maua ya kwanza. Mahali pa lile duara alikuwa ameweka kigingi. Tulipopita mimea ikiwa na vichala vinne, nilisimama kando ya kigingi nikalinganisha majani ya chini ya ndani na ya nje, na sikuweza kusema mpaka ulikuwa wapi.